Mapambo ya Krismasi na watoto wadogo: shinda maji kwanza, mengine ni kucheza

Swali kutoka kwa mama mmoja wa Pasua, Moshi: “Shule zimefungwa na nina watoto watatu nyumbani, wa miaka 3, 5 na 8. Mwaka jana tulitengeneza mapambo ya unga na chumvi, mengi yakapasuka. Yaliyopona tulipoyapeleka Kibosho kwa bibi yao yakalainika, mengine yakaota ukungu. Minyororo ya karatasi tuliyobandika kwa gundi ya unga iliachia usiku, asubuhi tukaikuta sakafuni. Mwaka huu nataka tujaribu tena, ila sitaki kununua vitu vipya. Tufanye nini, na kila mtoto apewe kazi gani?”

Dada, hongera kwa kutokata tamaa. Mambo yote uliyoyataja yana chanzo kimoja, nacho ni maji. Unga ulipasuka kwa sababu nje ulikauka ndani ukiwa bado mbichi. Ulilainika Kibosho kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kule juu kuna ukungu na manyunyu ambayo huku mjini huyaoni. Gundi nayo, ama haikupikwa, ama karatasi zilitundikwa kabla haijakauka. Kwa hiyo kabla ya kufikiria nyota na kengele, tengeneza gundi nzuri, maana ndiyo itakayoshika karibu kila kitu.

Chukua vijiko vitano vya chakula vya unga wa ngano, vilivyosawazishwa, visiwe na kilima. Koroga na theluthi moja ya kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe kabisa (kikombe ninachokisema hapa ni cha mililita 250). Chemsha theluthi mbili za kikombe cha maji kwenye sufuria ndogo. Yakitokota, mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga, punguza moto, endelea kukoroga dakika tatu au nne. Utaona weupe wa maziwa unapotea na gundi inaanza kung'aa na kuvutika kama uji wa muhogo. Hapo ndipo imeiva. Unga uliochanganywa na maji bila kupikwa hushika ukiwa na majimaji tu. Ukikauka hugeuka vumbi na kuachia, na nadhani hicho ndicho kilichoangusha minyororo yenu. Sembe usitumie, chenga zake huzuia karatasi zisigusane. Unga wa muhogo unafaa sana, tena kwa kipimo hichohicho. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha siki ili isichachuke haraka. Bila friji itadumu siku mbili. Ikinuka uchachu, mwaga.

Gundi ipakwe kidogo. Mtoto wa miaka mitatu ukimwachia bakuli atapaka kama siagi kwenye mkate, karatasi italowa, itajikunja na kuchanika. Mwekee kijiko kimoja tu cha gundi kwenye kifuniko, mwambie kidole cha gundi ni kimoja, mkono wa pili ni wa kushika kazi na unabaki mkavu. Weka kitambaa chenye maji pembeni yake. Hilo peke yake linaokoa nusu ya kazi.

Minyororo sasa. Magazeti yaache, yanalowa upesi. Tumia majalada ya madaftari yaliyokwisha, maboksi membamba ya biskuti na dawa ya meno, au karatasi za kaki za mifuko ya dukani. Kata vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20. Paka gundi sentimita 2 za mwisho, pitisha kipande kwenye pete iliyotangulia, kutanisha ncha, kisha bana kwa kibanio cha nguo. Kibanio ndicho kilichokosekana mwaka jana. Mtoto wa miaka mitano hawezi kubana kiungo kwa vidole mpaka kishike, ila kibanio anaweza, na kukibonyeza kunampa nguvu ya vidole vya kushikia penseli. Ukiwa na vibanio kumi, watengeneze pete kumi, wapumzike nusu saa, wavihamishe kwenye pete nyingine. Ulaze mnyororo mezani usiku mzima kabla ya kuutundika, na kila mita moja uwe na msumari au uzi wa kuushikilia, kwa sababu pete za juu ndizo zinazobeba uzito wote.

Sasa unga na chumvi. Huu ndio unaopendwa kuliko vyote, na ndio unaohitaji subira kuliko vyote. Unga wa ngano wa kawaida vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji robo tatu ya kikombe kwa kuanzia. Unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda usitumie, utavimba. Kama nyumbani kuna chumvi ya mawe, itwange mpaka iwe laini, maana punje nzima huacha vishimo, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa. Maji ongeza kijiko kimoja kimoja. Donge linalofaa halishiki mkononi, na ukilibonyeza kwa kidole alama inabaki bila kupasuka pembeni. Ukiona linanata vidoleni, maji yamezidi. Ukiona kingo zinameguka, yamepungua. Kanda dakika kumi kamili, watoto wapokezane, kisha lifunike kwa kitambaa kibichi dakika ishirini lilegee.

Kusukuma ndiko kunakoharibu wengi, kwa sababu upande mmoja unakuwa mnene na mwingine mwembamba, na pambo la namna hiyo haliwezi kukauka sawasawa. Weka penseli mbili juu ya kibao cha chapati, moja kila upande wa donge, na usukumie juu yake. Mti wa chapati ukigusa penseli zote mbili, donge zima lina unene mmoja, wa penseli, kama milimita 7. Wembamba wa milimita 3 hujikunja kama kaukau. Unene wa zaidi ya sentimita moja hukauka nje tu, ndani unabaki mbichi na ndimo ukungu unamoanzia. Kata kwa mdomo wa glasi au kifuniko cha chupa, na nyota ukate kwa kisu cha mezani ukifuata kiolezo cha boksi. Tundu la uzi litobolewe kwa mrija likiwa sentimita moja kutoka ukingoni, na litobolewe sasa hivi. Ukilisubiri mpaka unga ukauke, utavunja. Jina la mtoto na mwaka viandikwe nyuma wakati huohuo kwa njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Mikwaruzo iwe ya juujuu, isifike nusu ya unene.

Kukausha, usiyaanike moja kwa moja kwenye jua la saa sita la Moshi. Ngozi ya juu itakakamaa, maji ya ndani yatakosa njia, na pambo litajipasua lenyewe. Siku ya kwanza yaweke ndani, karibu na dirisha, juu ya ungo. Ungo ni bora kuliko sinia kwa sababu hewa inapita chini. Kwenye sinia upande wa chini hubaki na majimaji kwa siku nzima. Yageuze jioni. Kuanzia siku ya pili yatoe kwenye jua la asubuhi mpaka saa tano, uyageuze kila saa, kisha yarudi kivulini. Usiku yalale ndani, umande usiyakute. Kwa unene wa penseli hesabu siku nne mpaka tano. Usihukumu kwa macho: gonga mawili pamoja karibu na sikio. Yaliyokauka hulia kama vigae. Yenye maji hutoa mlio mzito. Mkiyaanza tarehe 10, yatakuwa tayari kabla ya safari ya kwenda kwa bibi.

Mwenye oveni anaweza kuyaoka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa mbili hadi tatu, akiyageuza katikati. Lakini sufuria yenye mkaa juu ya mfuniko, ile ya kuokea keki, sikushauri. Joto lake ni kali mno kwa kazi hii, maji ya ndani hugeuka mvuke na pambo huota malengelenge.

Likishakauka, lipakwe rangi, na rangi ikishakauka lifungwe. Hatua hii ya mwisho ndiyo itakayowaokoa Kibosho. Paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji, mbele, nyuma, ukingoni na ndani ya tundu. Subiri kwa muda wa saa nne, paka tena. Kama kuna vanishi iliyobaki baada ya fundi kumaliza milango, hiyo ni bora zaidi kwa hewa ya mlimani, ila uipake mwenyewe nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali na harufu yake. Mahali palipoachwa bila kupakwa, hata padogo kama kichwa cha pini, ndipo unyevu utakapoingilia. Na pambo likipasuka kabla ya hapo, usilitupe. Lainisha kipande cha donge kwa matone ya maji mpaka kiwe kama dawa ya meno, jaza ufa, sawazisha kwa kidole kilicholowa, rudisha kwenye ungo.

Tahadhari moja nzito. Karibu theluthi moja ya donge hili ni chumvi. Mtoto akilamba hatarudia, ni chungu. Lakini akimeza vipande, au mbwa akiiba, au kuku wakadonoa yaliyoanikwa uani, chumvi hiyo inaweza kuwadhuru vibaya. Ungo uwekwe juu, palipofunikwa kwa chandarua cha zamani, na masalio ya donge yasimwagwe kwa kuku.

Sasa kazi za kila mmoja.

Wa miaka mitatu mpe bamia. Chagua kubwa iliyokomaa, ile ambayo haifai tena kwa mboga, uikate katikati kwa upana. Utaona umbo lenye pembe tano au zaidi, na hiyo ni nyota tayari, haihitaji kuchongwa. Iache dakika kumi na tano sehemu iliyokatwa ikitazama kitambaa kikavu, utelezi unyonywe, la sivyo rangi itateleza na nyota zitatoka kama madoa. Rangi itengeneze kwa vijiko viwili vya gundi yetu iliyopoa na kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga. Kwa nyeusi tumia mkaa uliosagwa na kuchekechwa. Juisi ya bitiruti inatoa wekundu mzuri wa siku moja mbili, kisha mwanga huipausha, kwa hiyo itumieni kwa kadi na si kwa mapambo. Mimina rangi juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ndani ya kisosi. Mtoto akichovya kwenye kisosi kitupu anabeba rangi nyingi kupita kiasi, kitambaa humpimia. Agonge mara moja, anyanyue mkono wima. Mpe karatasi za kaki zilizonyooshwa, na akimaliza mtakuwa na karatasi za kufungia zawadi. Manjano hayatoki nguoni, mvalishe fulana ya kuchakaa.

Wa miaka mitano atengeneze mti wa vitenge. Okota kijiti kikavu cha sentimita 25, unene wa kidole kidogo. Matawi yaliyopogolewa kwenye kahawa yanafaa sana. Gome lisimenywe, kwa sababu mkwaruzo wake huzuia mafundo yasiteleze. Vipande vya kitenge muombe fundi cherehani yeyote, huwa anavitupa. Chanja ukingo kwa mkasi kidogo tu, halafu vuta kwa mikono miwili. Pamba huchanika moja kwa moja kwa mstari ulionyooka, na mtoto atafurahia mlio wake. Kisichochanika hivyo kina plastiki ndani yake, kikate kwa mkasi. Unahitaji vipande 24 vya upana wa sentimita 2: vinane vya urefu wa sentimita 24, vinane vya 18, vinane vya 12. Vipange mafungu matatu mezani. Aanze chini na virefu, kila kimoja akifunge katikati yake kwa fundo moja, akisukume kibanane na mwenzake, amalizie na vifupi juu. Acha sentimita 3 chini na 2 juu bila kitu. Akimaliza, wewe punguza ncha kwa mkasi mpaka umbo liwe la pembetatu. Kama mafundo yanazunguka, mstari mwembamba wa gundi nyuma ya kijiti unatosha.

Mifuko mbadala iliyokuja baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nayo iwekeni kando, hasa myekundu na ya kijani. Haitoi nyuzi ikikatwa, kwa hiyo maua na majani ya kupambia mlango hukatwa humo kwa urahisi kuliko kwenye kitambaa. Gundi ya unga haiishiki. Ifunge kwa uzi.

Wa miaka minane anaweza kazi ya siku mbili tatu, na inayomfaa ni pango la Noeli la magunzi ya mahindi. Magunzi yaanikwe juani siku nzima kwanza, wadudu watoke na unyevu uishe. Wewe uyakate kwa kisu chenye meno: sentimita 10 kwa Yusufu, 9 kwa Mariamu, 7 kwa wachungaji, na ncha nyembamba ya sentimita 4 kwa Mtoto. Uso uchorwe kabla ya kubandikwa. Kata ukanda wa kaki wa sentimita 3 kwa 11, chora macho na mdomo katikati ukiwa umelala mezani, ndipo uzungushwe sehemu ya juu ya gunzi. Ukichora baada ya kubandika, kalamu inatumbukia kwenye mashimo ya gunzi na uso unakunjamana. Kitenge cha sentimita 9 kwa 14 kinatosha kuwa vazi, kifungwe kwa uzi kiunoni. Mariamu ongezewa ushungi wa pembetatu.

Yasimameje? Jaza donge la unga na chumvi ndani ya kifuniko cha chupa ya jemu, didimiza gunzi kina cha sentimita moja, acha mpaka likauke. Donge likikauka husinyaa kidogo na gunzi huanza kucheza. Dondoshea gundi ya mbao pembezoni, litatulia. Hori ni kisanduku cha ndani cha kiberiti, kikiwa na majani makavu, na njiti zake uzihifadhi juu kabatini. Pango lenyewe ni boksi la viatu lililolazwa ubavu. Ukutani kwa nyuma waacheni watoto wabandike Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa karatasi ya kaki na pamba kidogo kileleni, hata kama mlima huo hauko Bethlehemu. Theluji wanayoifahamu ndiyo hiyo, wanaiona kutoka uani siku mawingu yakifunguka. Pamba inyofolewe na yule mdogo wa miaka mitatu. Chokaa kisitumiwe kwa weupe huo, kinaunguza macho.

Nyota ya juu itoke kwenye mgomba. Chagua maganda ya shina yaliyokaukia mgombani yenyewe, ya rangi ya kahawia. Yakiwa bado na kijani yana utomvu, na doa la utomvu wa mgomba unalijua mwenyewe, halitoki hata kwa kuchemsha. Yapanguse kwa kitambaa chenye maji, yasubiri dakika tano yalegee. Yakiwa makavu kabisa hupasuka yakikunjwa. Kata vipande vitatu vya sentimita 30 kwa 1.5, kunja kila kimoja katikati, bandika kiwe cha sentimita 15. Paka gundi, kandamiza chini ya vitabu usiku mmoja. Asubuhi vipishane katikati kama miale sita, fungeni kwa uzi wa sufu kwa kuzungusha mara nane, kila mara ukibadili pengo.

Visoda ni vizuri kwa kung'aa, ila makali yake na udogo wake haviendani na mtoto wa miaka mitatu. Mkivitumia, toboa wewe kwa msumari juu ya kipande cha ubao, na ukingo uliochongoka ugongwe ulale. Gundi ile ya papo kwa papo isiguswe na mtoto yeyote kati ya hao watatu.

Mkifika Kibosho watoto watayaona masale, mimea ya heshima kwa Wachaga, na watataka kuyakata kwa pambo, yana ukijani mzuri. Wamuulize bibi kwanza. Mengine ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, mengine yamepandwa kaburini, na jani la isale ndilo la kuombea msamaha. Bibi atawaonyesha ni lipi la kuguswa, na huenda akawaeleza sababu vizuri kuliko mimi.

Kwa safari, kila pambo la unga livingirishwe kwenye kipande cha gazeti na kupangwa wima ndani ya kopo la maziwa ya unga, kifuniko kikaze. Yakilazwa moja juu ya jingine, mtikisiko wa barabara unavunja ya chini. Yafunguliwe mchana wa tarehe 24, yasifunguliwe siku mnayofika, na yatundikwe sebuleni. Jikoni kwa bibi kuna mvuke wa machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, na moshi wa kuni kuanzia alfajiri, na hakuna vanishi itakayostahimili hayo kwa siku nzima.